Daftari la nakshi: namna ya kulishona, kulichora na kulitunza

Katika nyumba nyingi kuanzia Amani na Muheza hadi Pangani, nakshi ziko kila upande. Ziko kwenye mkeka, kwenye kanga, shingoni mwa chungu, mikononi mwa bibi harusi, na juu ya milango ya mbao ya nyumba za zamani. Lakini ukiuliza nakshi hizo zimeandikwa wapi, wengi watakuonyesha mikono ya mtu: bibi fulani, shangazi fulani, fundi fulani. Macho ya huyo mtu yakififia, au akifariki, nakshi nazo huenda zikaondoka naye.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza daftari la nakshi kwa mikono, kuchora nakshi kwa kalamu ya kawaida, kulipamba daftari hilo, na kulitunza lisiliwe na ukungu wala mende. Huhitaji kuwa msanii. Ukiweza kuchora mstari, nukta na duara, unaweza kuanza leo.

Nakshi ni nini?

Nakshi ni umbo dogo linalorudiwa kwa mpangilio. Mstari mmoja ni mstari tu. Mistari mitatu ya kulala ikifuatwa na mitatu ya kusimama, kisha mitatu ya kulala tena, hiyo tayari ni nakshi. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuchora uso au ng'ombe anaweza kuwa hodari wa nakshi. Kinachotakiwa ni subira na jicho la kuona umbali kati ya umbo na umbo.

Kazi hii ni ya zamani katika pwani yetu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, visiwa vya Lamu nchini Kenya, mafundi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kingo za kurasa kwa wino mweusi na mwekundu pamoja na rangi ya njano. Karatasi zilitoka ng'ambo, lakini nakshi zilikuwa za mikono ya hapa. Baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo, na wataalamu wanaisoma ili kujua mafundi wale walipangaje kazi yao. Majengo mengi ya enzi zao yamebaki magofu, ila kilichochorwa kwenye karatasi na kutunzwa bado kinaonekana.

Siku hizi kuchora nakshi kwa kalamu kumekuwa burudani na njia ya kutuliza mawazo katika nchi nyingi. Nchini Marekani, Rick Roberts na Maria Thomas waliligeuza zoezi hili kuwa somo na kuliita Zentangle: kipande kidogo cha karatasi, kalamu nyeusi, na maumbo mepesi yanayorudiwa. Mwanamke wa pwani anayesuka ukili barazani atalitambua zoezi hilo mara moja, maana mikono yake inalifanya kila siku.

Jifunze mpangilio kutoka kwenye kanga

Tatizo la kwanza la anayeanza ni kutojua aanzie wapi kwenye ukurasa mweupe. Mwalimu mzuri yuko kabatini au kwenye kamba ya nguo: ni kanga.

Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani ukingo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, sehemu ya katikati. Na kuna jina, yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Tazama kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayotumika harusini. Pindo lake limepangwa sawasawa, na mji wake umejaa maumbo madogo yanayorudiwa.

Panga ukurasa wako vivyo hivyo. Chora kwanza pindo la upana wa sentimita 2 kuzunguka ukurasa. Ndani yake weka mji, yaani nakshi unayotaka kuihifadhi. Chini acha nafasi ya jina. Ukifuata mpango huu ukurasa hautakushinda, na daftari lote litakuwa na sura moja.

Vifaa

Karatasi nyeupe za A4, 8 kwa kuanzia. Zilizo nzito kidogo ni bora, lakini za kawaida za kutolea kopi zinafaa.

Kalamu ya biki nyeusi. Wino wake hauvuji haraka kwenda upande wa pili wa karatasi. Kalamu za maka hupendeza, ila huvuja.

Penseli, ufutio na rula.

Katoni safi lisilokunjamana, kwa ajili ya jalada.

Kipande cha kanga iliyochakaa, cha kufunikia jalada.

Sindano nene, au shazia ndogo.

Uzi imara. Uzi wa katani ulio mwembamba unafaa sana, na katika Mkoa wa Tanga si mgeni. Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba makubwa ya mkonge yakatokana na hiyo. Pitisha uzi wako kwenye nta ya nyuki au kipande cha mshumaa ili usichakae na usifumuke.

Gundi ya unga. Koroga vijiko 2 vya unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe nzito kama uji. Iache ipoe. Itumie siku hiyohiyo, maana ikilala huchacha.

Kama unataka kurasa zenye rangi ya kahawia, pika chai ya rangi nzito, iache ipoe, pitisha karatasi moja moja, kisha zianike kivulini zikiwa zimelala. Fanya hivyo kabla ya kushona.

Kushona daftari, hatua kwa hatua

1. Kunja karatasi zote 8 katikati, moja baada ya nyingine, kisha zipachike moja ndani ya nyingine. Utapata majani 16, sawa na kurasa 32.

2. Kata katoni lenye urefu wa sentimita 31 na kimo cha sentimita 22. Likunje katikati taratibu kwa kufuata rula.

3. Kata kanga yenye urefu wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 26. Paka katoni gundi upande wa nje, lilaze juu ya kanga, kisha kunja kingo za kitambaa kuelekea ndani na kuzibandika. Liache likauke likiwa limebanwa chini ya kitu kizito, kwa mfano kinu kilicholazwa juu ya ubao. Katika miezi ya mvua subiri siku 2.

4. Weka karatasi ndani ya jalada, mkunjo juu ya mkunjo. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na mengine mawili sentimita 3 kutoka kila mwisho wa karatasi.

5. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani kwenda nje, na uache mkia wa uzi wa sentimita 10 ndani. Nje, nenda tundu la juu, ingia ndani. Ndani, pita moja kwa moja hadi tundu la chini bila kuingia la kati, toka nje. Rudi tundu la kati, ingia ndani.

6. Sasa ncha zote mbili za uzi ziko ndani. Ziweke moja kila upande wa ule uzi mrefu uliopita katikati, vuta kwa kufuata mkunjo, na ufunge fundo mara mbili.

Daftari limekamilika. Usivute uzi kuelekea kwako ukiwa unakaza, utachana karatasi.

Nakshi nne za kuanzia

Mkeka. Chora kwa penseli mraba wa sentimita 6, uugawe visanduku vya sentimita 1. Kisanduku cha kwanza weka mistari mitatu ya kulala, cha pili mitatu ya kusimama, na uendelee kubadilisha. Safu inayofuata anza na mistari ya kusimama. Futa penseli wino ukishakauka. Utaona chane zinapita juu na chini kama za ukili.

Magamba ya samaki. Chora safu ya nusu duara zilizogusana. Safu ya pili, kila nusu duara ianzie katikati ya mbili za juu. Jaza gamba moja nukta, la pili mistari, la tatu liache jeupe. Ukibadilisha mjazo tu, nakshi yote inabadilika sura.

Mnyororo. Huu utauona kwenye milango mingi ya nakshi ya Pangani na Unguja, pamoja na samaki, mtende na maua ya duara. Chora pete ya kwanza. Pete ya pili ianzie ndani ya ile ya kwanza. Pale juu zinapokutana, simamisha mstari wa pete ya pili ili ionekane imepita chini. Pale chini, iache ya pili ipite na ya kwanza ndiyo ikatike. Jaribu kwa penseli kwanza, maana hapa wengi huchanganyikiwa.

Korosho. Hili ni umbo maarufu la kanga. Chora kama koma kubwa yenye tumbo. Fuata umbo hilohilo kwa ndani kwa mstari wa pili. Kati ya mistari miwili panga nukta, na tumboni weka ua la petali 5.

Ukizizoea hizi nne, tazama viumbe vilivyokuzunguka. Anayeishi milima ya Usambara ana utajiri wa maumbo: mishipa ya jani la chai, mbawa za vipepeo, jani la mgomba lililochanwa na upepo, na kinyonga dume mwenye pembe tatu, yule ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Derema, karibu na Amani. Usimchore kinyonga mzima. Chora ngozi yake tu, zile punje ndogo zilizopangana, na hiyo ni nakshi mpya.

Mambo machache ya kusaidia mkono: chora mchana karibu na dirisha au barazani. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja ili jasho lisichafue kazi. Futa ncha ya biki kila baada ya muda, maana hukusanya wino na kuacha madoa. Ukikosea, usikwangue. Geuza kosa kuwa nukta au ua, uendelee.

Jina ndilo linalobaki

Hapa ndipo daftari la nakshi linapotofautiana na michoro ya kupitishia muda. Ukurasa wenye nakshi nzuri lakini hauna jina, baada ya miaka 20 utakuwa pambo tu. Hakuna atakayejua ilikuwa ya nani, iliitwaje, wala ilitumika wapi.

Amani yenyewe inatupa somo. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Watafiti waliokota majani na maua msituni, wakayakausha, wakayabandika kwenye karatasi, na kila karatasi ikaandikwa jina la mmea, mahali ulipookotwa, tarehe na jina la aliyeuokota. Hifadhi hiyo ya mimea mikavu ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na hadi leo wataalamu wanaitumia. Jani kavu peke yake halisemi mengi. Maandishi ya pembeni ndiyo yanayolipa thamani.

Somo la pili ni chungu kidogo. Lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo leo linapandwa kwenye vyungu madirishani karibu dunia nzima, lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenyeji walilijua ua hilo kabla yao, lakini jina lililosambaa ni lile lililoandikwa. Nakshi za bibi zetu zinaweza kupata bahati hiyohiyo zisipoandikwa na wenyewe.

Kwa hiyo chini ya kila nakshi andika mambo haya:

Nakshi inaitwaje, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, iwe Kisambaa, Kibondei, Kizigua au Kidigo.

Nani amekufundisha, na yeye alifundishwa na nani.

Kijiji na tarehe.

Inatumika kwenye nini: mkeka wa kulalia, mkeka wa msiba, hina ya harusi, chungu, au kapu.

Maneno aliyoyasema mwenyewe kuhusu nakshi hiyo, hata kama ni sentensi moja.

Omba ruhusa kwanza. Mwambie bibi au shangazi unachotaka kufanya, na akisema nakshi fulani ni ya unyagoni na haionyeshwi hadharani, iheshimu kauli yake.

Faida kwa mpambaji na msusi

Kwa mpambaji wa maharusi, daftari ni sampuli. Mteja anafungua kurasa na kuchagua ua analolitaka kabla unga wa hina haujalowekwa. Mwanafunzi naye anajizoeza kwenye karatasi, maana karatasi husamehe na ngozi haisamehi. Na tunakumbusha: piko nyeusi inayotokana na dawa ya kupaka nywele inaweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Hina halisi ya majani haiwi nyeusi tii, bali hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia iliyokolea.

Kwa msusi wa mikeka na makapu, daftari linamwezesha kurudia kazi ileile mteja akiagiza tena baada ya mwaka. Andika idadi ya chane na rangi zake pembeni ya mchoro.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa za kubuni, na inatambua pia sanaa za jadi za jamii. Daftari lenye tarehe na majina haliwezi kumzuia mtu kuiga, lakini linakupa ushahidi wa kuonyesha.

Si lazima vifaa viwe vya gharama. Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini alikuwa na wanafunzi, nao wakaendeleza mtindo wake unaobeba jina lake hadi sasa.

Kutunza daftari

Amani hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ndio adui wa kwanza wa karatasi. Usiliweke daftari kwenye ukuta wa udongo wala chini ya kitanda. Liweke juu, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko au mfuko uliofungwa vizuri, likiwa kavu kabisa. Mara moja kwa mwezi lifungue kivulini upepo upite kati ya kurasa. Usilianike juani kwa muda mrefu, kwani rangi za manjano na maua hupauka. Gundi ya unga huvutia mende, kwa hiyo usibandike kingi ndani ya daftari, na kagua jalada mara kwa mara.

Simu yako ni nakala ya pili. Piga picha kila ukurasa mchana, bila taa ya simu, ukiwa umesimama ili kivuli chako kisianguke juu yake. Tuma kwa ndugu aliye mbali. Ukitumia Watsapu, tuma kama faili badala ya picha, ili mistari midogo isipotee.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, daftari la kawaida la shule linafaa? Linafaa kwa mazoezi. Mistari yake itakusaidia kupanga safu. Kwa kuhifadhi, karatasi nyeupe ni bora.

Mtoto aanze lini? Mara anapoweza kushika penseli vizuri. Mwanzishe na nakshi ya mkeka.

Asiyejua kusoma na kuandika afanyeje? Achore. Au ashike mkeka wake na aeleze, mjukuu achore na kuandika anayoyasikia. Watu wawili, kalamu moja, ukurasa mmoja kwa jioni: kwa mwezi daftari la kurasa 32 limekwisha, na la pili linaweza kuanza.